Mvua Juu ya Shamba la Chumvi

Manowari ya Waingereza ilitia nanga mbele ya kijiji chetu mwezi wa tano, na kufikia mwezi wa tisa ilikuwa imekaa pale hata mbwa wakaacha kuibwekea. Unafungua mlango kumwaga maji machafu, unaiona. Unaanika nguo, unaiona. Magazeti ya Boston yaliandika kwamba sisi watu wa Rasi tunaishi kwa hofu. Hofu gani? Hofu ilituishia mwezi wa sita. Kilichobaki ni ganzi, na kero ya kula kome kila siku ya Mungu.

Ilikuwa vita ya Bwana Madison, rais wetu, dhidi ya Waingereza. Tuliiita hivyo kwa sababu sisi hatukuiomba. Waingereza waliziba pwani yote, meli zetu zikaozea bandarini, unga ukaadimika, na chai yetu ikawa majani ya porini tuliyoyachemsha huku tukijidanganya. Wanaume walikuwa wakitoka na mashua ndogo, wakipita maji ya kina kifupi ambako manowari haiwezi kufika, kufuata mahindi upande wa pili wa ghuba. Mume wangu, Zenas Hallet, alikuwa mmoja wao. Alikamatwa mwezi wa saba, ukungu ulipofunguka wakati hakuna aliyeutaka ufunguke.

Wenzake walipelekwa gerezani Halifaksi, bandari ya Waingereza huko kaskazini. Yeye walimbakiza, na sababu ilikuwa mdomo wake mwenyewe. Siku ile ile ya kukamatwa aliiona manowari, iliyokuwa inabadilisha mahali pa nanga, ikielekea kupanda fungu la mchanga, akashindwa kuvumilia. Mtu aliyezaliwa hapa hawezi kukaa kimya akitazama meli inapanda fungu, hata iwe meli ya shetani. Akapiga kelele, "Kushoto, nyie wapumbavu, kushoto!" Wakaenda kushoto, wakapona, na kuanzia hapo wakamfanya rubani wao, atake asitake. Basi mume wangu alikuwa mbele ya macho yangu kila siku, karibu kiasi cha kuuona moshi wa jiko lililompikia, na sikuweza hata kumpelekea soksi.

Watu walinijia mwanzoni kunipa pole. Nilikuwa nikiwajibu vizuri, ndiyo, asante, Mungu yupo, lakini ndani hapakuwa na kitu. Nilifanya kazi. Kazi ilikuwepo ya kutosha.

Shamba letu la chumvi liko ufukweni: kinu cha upepo kinachovuta maji ya bahari, na mabirika ya mbao, mapana, yasiyo na kina, ambamo jua hukausha maji hadi chumvi ibaki. Kila birika lina kifuniko cha mbao kilichokaa juu ya magurudumu. Jua likiwaka unakisukuma kando, mvua ikija unakirudisha. Mvua kidogo tu juu ya chumvi iliyokomaa, na kazi ya majuma inarudi kuwa maji. Kwa hiyo hapa kwetu, mvua ikitishia, aliye karibu ndiye anayefunga, shamba liwe la nani. Mchungaji wetu akisikia ngurumo katikati ya mahubiri husema, "Nendeni," na kanisa zima hutoka mbio. Nimeona wanawake wawili walionuniana tangu usichana wakisukuma kifuniko kimoja bega kwa bega, na walipomaliza wakaendelea kununiana.

Siku moja ya mwezi wa tisa Jabez Crowell alinikuta kwenye mabirika nikikwangua chumvi. Jabez ni mtu mnene, mwepesi wa mdomo, aliyekuwa akiwapelekea Waingereza kabichi kwa mashua yenye kitambaa cheupe cha amani. Kijiji kilimtukana kanisani, kisha kikampitia nyuma ya nyumba kuulizia chai ya kweli.

"Kezia, acha kukwangua kidogo. Nina maneno ya mumeo, na sitaki kuyapigia kelele."

"Sema."

"Hata kama hajambo hutaki kujua?"

"Hajambo?"

"Amenenepa. Wanamlisha nyama kule. Ningekuwa mimi nisingerudi."

"Jabez."

"Haya, haya, usinitolee macho." Akainama, akajifanya anakagua birika. "Meli inaondoka. Inakwenda Halifaksi. Wakishafika huko hawamhitaji tena, watamtia gerezani na wenzake, halafu wote wavushwe Uingereza. Sasa, kabla ya kuondoka lazima wajaze maji ya kunywa. Kesho bahari ikijaa wanaleta mashua kwenye kijito chako, na wa kushika usukani ni yeye. Wakifika kwenye matete, anaruka. Anasema njia za mle anazijua kuliko vyumba vya nyumba yake, na Mwingereza akitia mguu anazama mpaka kiunoni."

"Na wanamgambo wetu?"

"Ndiyo hapo sasa. Wakiwa wamejificha kwenye vilima vya mchanga wataifyatulia mashua risasi, na anayekaa wima nyuma ni mumeo. Wao wakimkosa, ofisa hamkosi, maana atasema huyu ndiye katuleta mtegoni. Kwa hiyo anataka alama. Ukitoka baharini kitu cha kwanza kuonekana ni mabirika haya. Kama hakuna mgambo, acha vifuniko wazi. Kama wapo, funga. Yeye atamwambia ofisa maji hayatoshi, waende kijito kingine."

"Na mvua ikinyesha?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo, usidhani mimi mjinga. Akasema, hata ikinyesha, Kezia aiache chumvi iyeyuke. Nikiviona vimefungwa nitajua ni mgambo, sitakaa kuwaza."

"Alisema iyeyuke?"

"Kwa mdomo wake."

Nilirudi kukwangua ili Jabez asinione uso. Mnamo mwaka wetu wa pili wa ndoa, uchungu wa kuzaa ulinishika kukiwa na mawingu, na Zenas aliniacha kitandani akakimbilia vifuniko. Chumvi ilipona. Mtoto hakupona. Si kwamba yeye angekuwepo, mtoto angepona, mkunga mwenyewe aliniambia hivyo, lakini hatukuwahi kulizungumza jambo lile, na lilikaa nasi mezani miaka yote. Sasa mtu huyo huyo alikuwa ananiambia chumvi iyeyuke. Nilielewa alichokuwa ananiambia. Nilimtaka arudi, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba kutaka kitu chochote.

"Mwambie nimesikia," nikasema.

"Na usimwambie mtu."

"Nimwambie nani?"

Alijua nani. Jirani yangu ni Shangazi Hepsi Nye, mjane aliyepita miaka sabini, ambaye kila mtu hapa humwita shangazi ingawa si shangazi wa yeyote. Shamba lake limepakana na langu. Tangu Zenas achukuliwe alikuwa akinijia na bakuli la supu chini ya shali, akikaa na kunisemesha hata nisipojibu. Nilimpenda. Lakini mwanawe alikuwa sajini wa mgambo, na kile alichokijua Shangazi Hepsi asubuhi, mwanawe alikijua mchana, na jioni vilima vyote vya mchanga vilikijua. Kwa wanamgambo, Zenas alikuwa msaliti anayewaongoza Waingereza. Kulikuwa na waliosema hadharani kwamba wakimpata watamfunga jiwe na kumtosa baharini.

Kesho yake nilipanda vilimani mapema. Hakukuwa na mtu, majivu ya moto tu na mifupa ya samaki. Sikuamini. Niliporudi nilimkuta Shangazi Hepsi kwenye mabirika yake, akisukuma kifuniko cha mwisho kwa makalio, maana mikono yake haikuwa na nguvu tena.

"Mwanao yuko wapi leo, Shangazi?"

"Wamekimbilia kusini wote, na bunduki zao. Ati wamesikia mizinga ya Waingereza." Akasonya. "Mizinga! Ilikuwa radi. Mimi masikio yangu mazima, nikamwambia, wewe, hiyo ni radi. Akaniambia mama, nenda kalale. Haya, mwache akapigane na mawingu."

"Hawarudi leo?"

"Warudi na nini, na ile miguu yao? Na wewe funga mabirika yako. Hiyo radi haikuwa mbali."

"Jua bado linawaka, Shangazi. Nitayaacha yapate saa moja zaidi."

"Umekuwa mbishi kama mumeo. Shauri yako. Chumvi yako ile imekomaa, ukiipoteza utalia."

"Sitalia."

"Najua hulii. Ndiyo shida yako hiyo, mwanangu."

Nilisukuma kando vifuniko vilivyobaki, kimoja baada ya kingine, hadi mabirika yote yakawa meupe na yanang'aa juani. Nikachukua kapu la kome, chini nikaweka suruali kavu ya Zenas, shati na kipande cha mkate wa mahindi, nikamwambia Shangazi nakwenda kuchimba. Akanipungia mkono bila kugeuka.

Kijitoni niliingia kwenye matete nikachutama. Bahari ilikuwa inajaa, maji yakipanda taratibu kwenye mifereji. Kutoka pale nilikuwa nayaona mabirika yetu vizuri, mbali kidogo, juu ya ufuko, na kwa upande mwingine naiona manowari. Sikuomba dua. Nilikuwa nimeacha kuomba bila ya ugomvi wowote, kama mtu anavyoacha kuweka sukari kwenye chai kwa sababu sukari haipo.

Mashua ilitoka. Niliwaona wapiga makasia, mapipa, wanajeshi wa makoti mekundu na bunduki zao magotini, na nyuma mtu mwenye kofia, amekaa wima. Singeweza kuona uso, lakini namna Zenas anavyokaa, bega moja juu, ningeitambua hata kaburini. Moyo ulinipiga. Ulinishtua, nilikuwa nimeusahau.

Tone la kwanza liliniangukia mkononi.

Nikatazama juu. Lilikuwa wingu dogo, jeusi, la kijinga, limetoka nyuma ya vilima bila kuaga, na jua bado linawaka pembeni. Matone yakaongezeka. Nikatazama mabirika, yalikuwa wazi, nikasema, nyesha. Nyesha mpaka uchoke. Nilifikiria chumvi ikiyeyuka na nikafurahi, kweli kabisa, nilifurahi. Mashua ilikuwa imefika pale ambapo Zenas angeweza kuyaona.

Kisha kifuniko cha kwanza kikasogea.

Mwanzoni sikuelewa ninachokiona. Kikasogea tena, kikasimama, kikasogea, kikafunga. Nyuma yake nikamwona Shangazi Hepsi, amegeuza mgongo, anasukuma kwa makalio, shali imemwanguka, mvi zinapepea. Akaenda cha pili. Mwanamke aliyehitaji mkono wa mtu kupanda ngazi ya kanisa alikuwa anakimbia.

Mimi na Zenas tulikuwa tumewaza kila kitu. Mgambo tuliwawaza, ofisa tulimwaza, mvua tuliiwaza. Lakini tuliwaza mikono yangu tu, kama vile hapa duniani kuna mabirika ambayo mwenyewe hayupo na mvua inanyesha na jirani akayaacha wazi.

Nilisimama. Kumwita Shangazi nisingeweza, angesikia vipi, na upepo ulivuma kutoka upande wake. Kukimbia, nisingefika. Nikavua aproni nikaipunga kuelekea mashua, mikono yote miwili, nikiruka kwenye tope. Nilitaka aelewe: njoo, hakuna mtu, njoo! Lakini tangu lini mwanamke anayepunga nguo ufukweni mbele ya bunduki anamaanisha njoo? Mwanajeshi mmoja akaninyooshea bunduki. Nilimwona Zenas akinitazama. Akatazama mabirika, ambayo sasa karibu yote yalikuwa yamefungwa. Akainama kumwambia ofisa jambo, akionyesha maji kwa mkono, na makasia ya upande mmoja yakarudi nyuma, mashua ikageuka.

Wakaenda kuteka maji kijito cha kaskazini, ambako ufuko ni mchanga mtupu na hata sungura hana pa kujificha. Niliutazama mgongo wa mume wangu mpaka ukapotea nyuma ya ncha. Niseme hapa hapa ili usikae ukisubiri: alikufa kwa homa katika gereza la Uingereza, majira ya baridi, wakati karatasi za amani zilikuwa zimeshatiwa sahihi lakini habari haijafika. Mgongo ule ndio ulikuwa wa mwisho.

Mvua iliisha kabla sijatoka kwenye matete. Haikuwa mvua hata kidogo, ilikuwa kama mtu amekung'uta mikono baada ya kunawa. Nilingoja nilie. Nilisimama pale makusudi, nikajipa nafasi, lakini hakikuja kitu. Nikakumbuka kwamba nimesema nakwenda kuchimba kome, nikachimba kome.

Nilimkuta Shangazi Hepsi ameketi kwenye kizingiti cha mlango wangu, amelowa chapachapa, kiganja kimoja kinavuja damu, anahema na kucheka.

"Nimeviwahi! Vyote! Nilikwambia mimi, nilikwambia radi haikuwa mbali. Cha mwisho kilikataa, gurudumu limeingia mchanga, nikakitukana matusi ambayo marehemu mume wangu hajawahi kuyasikia, kikaenda. Hakuna hata punje iliyoharibika, mwanangu. Nenda kaangalie."

"Umeumia mkono."

"Achana na mkono. Miezi yote hii nakuona unakwangua peke yako, huongei, huli, na mimi sina cha kukusaidia ila supu, na supu yangu yenyewe najua si nzuri. Leo angalau nimekufanyia kitu." Akafuta uso kwa shali iliyolowa. "Zenas akirudi umwambie nani kaiokoa chumvi yake."

Nilimtazama. Nilikuwa na maneno mdomoni, yamejipanga tayari. Yangemtosha kwa maisha yake yote yaliyobaki, na hayakuwa mengi.

"Asante, Shangazi," nikasema. "Ingia ndani ukauke."

Nilimfunga kiganja, nikamvua soksi nikaziweka karibu na moto, nikamtilia supu ya kome. Akaanza kuisema supu, kwamba haina chumvi, fikiria, nyumba hii haina chumvi, akacheka mwenyewe hadi akakohoa. Nilisimama dirishani. Manowari ilikuwa inakunjua matanga. Kijiji kizima kilitoka nje kuiangalia ikiondoka, na wengine walishangilia.

Jabez aligonga mlango wa nyuma. Alikuwa ametoka kupeleka kabichi za mwisho, viatu vimelowa, na safari hii hakuwa na mzaha usoni. Nikatoka, nikauvuta mlango nyuma yangu, ila haukufunga vizuri.

"Nilimpata dakika chache tu, wakipandisha mapipa," akasema kwa sauti ya chini. "Kezia, mumeo analia. Analia kama mtoto, na huku anacheka. Anasema umemwokoa. Anasema alipoona vifuniko akawa bado ana tamaa ya kuruka, maana mvua ilikuwa inanyesha, akajiambia labda ni mvua tu. Lakini ulipotoka mwenyewe kwenye matete, mbele ya bunduki, kumfukuza, ndipo akajua. Amesema nikwambie hajawahi kupendwa hivyo na mtu. Amesema akiishi, anaishi kwa ajili yako."

Nikatazama baharini. Matanga yalikuwa yamejaa upepo.

"Kumbe mgambo walirudi, mbwa hawa," Jabez akasema. "Mimi nilisikia wote wako kusini. Walikuwa wengi?"

Kupitia upenyo wa mlango nilimwona Shangazi Hepsi ameinamisha kichwa juu ya bakuli, kijiko kimesimama hewani, masikio yake mazima.

"Wengi," nikasema.